Kwa Niaba Ya

Ghorofa ya pili, Chake Chake, juu ya duka la mabati:
ofisi ya maji. Hapa mimi ni watu wanne.

Asubuhi ni faki.ussi, wa likizo na posho.
Saa nne ni malalamiko.
Baada ya adhuhuri ni ankara, mwenye sauti ya chuma.
Na mkurugenzi akivuka kwenda Unguja
(huvuka kuliko anavyosema)
basi mkurugenzi pia ni mimi,
natia cheo chake chini ya barua
na salamu ambazo hajapata kunipa.

Mwanzo seva ilikataa.
"Anwani hii si yako," ilisema, na ilikuwa na haki.
Nikajaribu mara tatu, mara tatu ikanirudishia barua
kama posa iliyokuja bila mshenga.

Akaja Khatib Shaame kutoka Mkoani
na kompyuta yake iliyofungwa plasta ubavuni.
Alishinda kutwa, akala mkate wa ajemi, akabofya,
mpaka sanduku moja likawa na milango minne.
"Chagua jina kabla hujaandika," akanambia.
"Seva haikujui uso. Inajua neno la siri tu."
Kisha, akifunga mkoba:
"Lakini kweli itaisema. Mahali fulani chini, itaisema."
Sikumuuliza mahali gani.

Nikazoea kugeuka bila kuhama kiti.
Malalamiko husema "ndugu mteja", husema "tunasikitika".
Ankara hasikitiki.
Mkurugenzi huandika "mchakato" hata pale "kesho" ingetosha.
Siku moja, kwa jina lake, nilijikumbusha ripoti ya robo mwaka,
nikajijibu kwa adabu: "Nimepokea, mheshimiwa."

Jumanne ikaingia barua kutoka Kiuyu,
kwa anwani ya mtoto wa skuli, haina nukta wala herufi kubwa:

wiki ya tatu bomba lakoroma tu halitemi
mguu haunichukui ndoo nampa mtoto wa watu
mpo au mmekufa

Zilikuwa barua arubaini siku ile.
Sikuutambua mguu.
"Ndugu mteja, suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi.
Tunasikitika kwa usumbufu.
Tafadhali usijibu barua hii."
Nikabonyeza. Nikamalizia chai.

Alhamisi, simu. Mama.
"Faki, hapo kazini kwenu kuna mtu kaniita ndugu.
Ndugu zangu mimi nawajua. Wawili wako chini ya udongo,
na wa tatu hajui kuandika.
Kisha kanambia nisimjibu! Kwao hawasalimiani?
Mtafute."

Nikasema nitamtafuta.

Akanyamaza. Nikasikia ndoo tupu ikigonga sakafu,
sakafu niliyoikanyaga mara ya mwisho Mfungo Mosi.

"Maana Zuwena, mjukuu wa Bi Mize, yeye ndiye aliyeniandikia,
kanisomea mpaka chini kabisa, yale maandishi ya sisimizi.
Yasema: imetumwa na faki nukta ussi
kwa niaba ya malalamiko.
Kina Faki Ussi wako wangapi hapo?"

Kwenye skrini kishale kilipepesa, kilipepesa.

"Wanne," nikasema.

Hakucheka.
"Basi Ijumaa niletee mmoja wao,
na madumu mawili."

Jioni ile, wenzangu wameshashuka ngazi,
nilimwandikia fundi wa upande wa Kiuyu.
Mistari miwili: bomba gani, nyumba ya nani.
Juu ya barua majina manne yakafunguka, yakaningoja.
Kwa jina langu, fundi angekwenda mwezi ujao, akikumbuka.
Kwa jina la mkurugenzi, kesho alfajiri, mbio.
Seva ilikuwa radhi na yote mawili,
na chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi,
yote mawili yangesomeka vilevile.